Ufunguo Ninao

Katika mtaa huu hakuna mwanamke anayenishinda kutunza siri. Niliwahi kutunza moja siku nne nzima. Ingawa, nikisema kweli, siku tatu kati ya hizo nilikuwa na mafua na sauti haikutoka.

Hii ya sasa niliitunza miezi mitano. Njia ya mwongo ni fupi, husema waliosoma. Mimi niliishia darasa la saba, labda ndiyo maana yangu ilirefuka kidogo.

Marehemu mume wangu alikuwa sauti. Kazi yake kwenye kituo cha televisheni ilikuwa kukaa ndani ya chumba kama kabati na kuyasema kwa Kiswahili yale ambayo watu wa ng'ambo walikuwa wakisema kwenye picha. Picha ikipita, naye anasema papo hapo. Aliwasemea wote: wanaume, wanawake, watoto, na farasi ikibidi. Iliyompa jina ilikuwa *Wapitambingu*, ya watu kumi na mmoja waliopotea na chombo chao katikati ya nyota wakitafuta njia ya kurudi kwao, pamoja na mtumishi wao wa chuma ambaye mume wangu alimbatiza Bati. Ikianza, mtaa mzima kimya. Hata waliokuwa wanagombana waliahirisha.

Sasa niwaambie jambo. Lugha ile ya ng'ambo mume wangu aliijua kwa kuungaunga. Pale asipoelewa hakunyamaza, alijaza. Na alijaza mambo ya nyumbani kwetu. Siku tuliyogombana kwa ajili ya chai, Kamanda aliwakazia macho maadui wa sayari ya barafu akasema, "Chai ikipoa, si kosa la aliyechelewa." Watu wakaona hekima. Wakaiandika kwenye fulana. Mimi nilikuwa kwenye kochi nimenuna, nikijua ninajibiwa. Kila wiki, sentensi moja ilikuwa yangu.

Kituo kilikuja kurekodi mpira juu ya kanda zote zenye sauti yake. Ilipona moja tu, sehemu ya mwisho, ambayo aliileta nyumbani chini ya koti. Inakaa kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya vifungo.

Miaka mitatu baada ya kumzika, Jumamosi moja, nikasikia hodi. Walikuwa wawili. Mmoja fundi wa runinga, jitu zima lenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Wa pili nesi mstaafu, mwenye sauti ya mtu aliyewaambia wengi wavute pumzi. Wakasema wanaitafuta *Wapitambingu* kila kona.

"Si nasikia siku hizi kila kitu kiko kwenye mtandao?" nikawauliza.

"Tumeipata yote, mama," Fundi akasema. "Safi, mpaka ndevu za Kamanda unazihesabu."

"Basi mnatafuta nini kwangu?"

"Hainogi," Nesi akasema. "Wameandika maneno ya kweli pale chini. Mafuta, mitambo, mafuta, mitambo. Nimeangalia sehemu sita, nikalala katika tano. Humo hamna chai, mama."

"Tunaitaka ya mzee," Fundi akasema. "Hakuacha hata kanda moja?"

Nilifungua mdomo kusema ninayo. Kisha nikaviona vikombe vitatu mezani. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiosha kikombe kimoja. Binti yangu yuko mbali, hupiga simu Jumapili dakika nne, tatu ni za kuulizana hali ya hewa. Mtu akishapata alichofuata, anaaga.

"Vitu vyake ni vingi," nikasema. "Nipeni muda nipekue. Njooni Jumamosi ijayo."

Vitu vyake ni sanduku moja na viatu jozi mbili.

Wakaja Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilipona kweli, mpaka nikaanza kupaka wanja. Nesi alinipima presha. Fundi alirekebisha bomba lililokuwa likidondoka tangu msiba. Tulikaa tukiigiza vipande: Nesi alikuwa Kamanda, Fundi alikuwa Bati na alitembea kama kabati lililofundishwa kucheza, nami niliwafafanulia nani aligombana na nani nyumbani siku ile. Wao walicheka. Kabla hawajaondoka waliuliza, "Na kanda, mama?" Nami nikajibu, "Nimefika sanduku la tatu."

"Na deki yake ya kuchezea kanda, inafanya kazi?" Fundi akauliza.

"Ilikufa na mwenyewe. Haijawashwa tangu mazishi."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio uliokuwa mnene. Kila siku nikishaosha sahani ya mchana, niliitoa kanda chini ya vifungo, nikaitia kwenye deki. Wengine wana redio. Sikuwa naangalia nyota mimi. Nilikuwa nangoja pale mwisho, Kamanda anaposimama peke yake dirishani. Nesi alinisimulia kwamba kwenye ile ya mtandao anasema mafuta yamekwisha. Kwa sauti ya mume wangu anasema hivi: "Usinisubiri. Lala. Ufunguo ninao."

Lazima mfahamu kwamba mtu yule hakuwahi kukumbuka ufunguo. Miaka ishirini na nane nilikuwa nikiamka kumfungulia mlango. Asubuhi ya siku ile nilimwambia nimechoka kuwa komeo. Jioni akaniaga mbele ya nchi nzima kwamba ufunguo anao. Na hakuwa nao. Aligonga kama kawaida, nami nikamfungulia nikicheka.

Mwezi wa tano wa Jumamosi zetu, Fundi alikuwa akieleza mambo ya kanda, na mimi nikimmiminia chai.

"Kanda ni kama soli ya kiatu, mama. Kila ukiicheza inalika. Ndiyo maana tunaharakisha. Ikipatikana, naihamishia kwenye kompyuta siku hiyohiyo, haifi tena."

"Na iliyochezwa kila siku?" nikauliza, macho kwenye birika.

"Nani atafanya ujinga huo?"

Nikasema sijui, watu wako wengi.

Maana nilikuwa nimeshasikia. Kwanza ulikuja mlio kama wa mafuta kikaangoni. Kisha "lala" ikawa inatetemeka. Wiki ile sauti ilikuwa imefika hapa, "Usinisubiri. Lala. Ufunguo ni—" na mstari mweupe ukampita Kamanda usoni. Nikiitoa kanda, sauti inapona na wageni wanakwenda zao. Nisipoitoa, wageni wanabaki na sauti inakwenda. Nikajiambia nitaacha kuicheza. Niliacha siku nne, kiwango changu kilekile.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha tangu alfajiri. Kamanda ndiyo kwanza amesimama dirishani, nikasikia hodi. Kwangu Alhamisi hakuji mtu. Nikazima runinga, nikazima deki, nikaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, nikafungua mlango nikihema.

Walikuwa wao, wamelowa.

"Mama, habari njema," Nesi akasema, hata kiatu hajavua. "Kuna mzee mji wa pili ana boksi la kanda kwenye dari lake. Huenda zimo za marehemu."

"Tatizo deki yangu imeungua," Fundi akasema. "Nikakumbuka hiyo ya mzee. Najua imefariki, lakini kichwa chake cha kusomea kanda kinaweza kuwa kizima. Naomba niichukue, nikichomoe nifunge kwenye yangu."

"Leo? Ina vumbi. Njoo Jumamosi niifute."

"Vumbi ndiyo kazi yangu, mama."

Akakunja kitambaa vizuri, kwa adabu, kama mtu anayefunua mgonjwa. Akaweka viganja vyake viwili juu ya deki ili ainyanyue. Hakuinyanyua. Akashusha miwani ya kwenye paji, akaiacha mikono palepale.

"Mama," akasema taratibu. "Mbona marehemu ana joto?"

Nesi akaja, naye akaweka kiganja, vile wanavyowekea watoto wenye homa.

"Ni jua hilo," nikasema. "Dirisha lile hupitisha jua."

Tukaisikiliza mvua sote watatu.

"Basi ni paka," nikasema. "Hupenda kulala hapo juu. Ametoka sasa hivi."

Fundi akamtazama Nesi. Nesi akavuta kiti chake, kile anachokalia siku zote, akaketi na koti lake linalodondoka maji.

"Mama," akasema, "Jumamosi ishirini tumekuja hapa. Wewe huna paka."