Skrubu Ndefu ya Jumanne

Saa moja na robo asubuhi Sista alikuwa amemaliza kupanga vyombo juu ya meza yenye shuka la kijani: visu viwili, nyundo, patasi, msumeno, drili na kisanduku cha skrubu. Alihesabu kila kitu mara mbili, akaandika idadi ubaoni, kisha akamwambia mhudumu amwingize mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mshona magodoro, mwanamke wa miaka sitini na mbili, marehemu.

"Umeamkaje, mama?" Sista alimuuliza.

"Salama. Mguu tu."

Hii ilikuwa mara yake ya kumi na nne kulala juu ya meza ile. Mara ya kwanza alikuja akiwa hai, akichechemea, ameshika mfuko wenye nguo za kubadilisha na ndala mpya za kuendea nyumbani. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imelika kwa miaka thelathini ya kupiga magoti juu ya magodoro ya watu. Daktari wa upasuaji, ambaye hospitali nzima ilimwita Chapuchapu na yeye mwenyewe akaona fahari, alikuwa na sifa ya kumaliza nyonga tatu kabla ya chakula cha mchana. Ili kukaza kikombe cha chuma cha nyonga bandia, ilibidi atoboe mfupa kwa drili, apime kina cha tundu kwa kijiti maalumu, ndipo achague skrubu. Kijiti hakukitumia. Alisema kinamchelewesha, na kwamba jicho lake lilikuwa kijiti tosha. Akaomba skrubu ndefu. Sista, aliyekuwa amekaa na mifupa miaka kumi na tisa, aliona wazi kwamba ni ndefu mno. Akampa, kwa sababu kazi yake ni kutoa kinachoombwa.

Ncha ya skrubu ilitokea upande wa pili wa mfupa na kuchana mshipa mkubwa wa damu unaoshuka mguuni. Kidonda chenyewe kilikuwa kikavu, hata Chapuchapu akakisifu. Damu yote ilikuwa inamwagikia ndani, tumboni. Daktari wa usingizi alisema presha inashuka. Chapuchapu akamwambia aongeze maji. Presha ikashuka tena, midomo ya mama ikawa rangi ya majivu, tumbo likaanza kuvimba. Walipolipasua, damu ilifoka hadi kwenye taa, ikawadondokea mabegani. Chapuchapu alizamisha mikono hadi viwiko akipapasa tundu, na alipolipata hapakuwa na kitu cha kuziba. Alasiri hiyo ripoti iliandikwa: mishipa ya marehemu ilikuwa dhaifu kwa sababu ya umri.

Alizikwa Jumatano. Jumanne iliyofuata, saa moja kamili, alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi na binti yake, nyonga ikimuuma vilevile, hana hata kovu. Alisema hawezi kulala kaburini na kazi iliyofanywa nusu, kwamba atatulia siku atakayoshuka kutoka juu ya ile meza kwa miguu yake. Karani alimuuliza kama ana barua mpya ya rufaa. Hakuwa nayo, wakatumia ile ya zamani.

Ikawa hivyo kila Jumanne: anapasuliwa, anakufa, anazikwa, anarudi. Hospitali ilijipanga, maana hospitali ikitaka kujipanga huwa haishindwi. Chupa sita za damu ziliwekwa tayari tangu Jumatatu. Chumba cha upasuaji kilipewa viatu vya mpira vinavyofika magotini. Mfanya usafi aliacha kuja na ndoo moja akawa anakuja na tatu, na alilalamika mara moja tu, kuhusu dari.

Upande wa binti mambo hayakupangika namna hiyo. Mazishi ya pili majirani walikuja wote, ya tatu wakaja nusu, ya sita wakaja watu wanne. Siku hizi walikuwa yeye na mchimba kaburi, ambaye hakufukia tena mpaka juu. Aliweka mbao na kutandaza udongo kidogo, ili kupunguziana kazi. Mwajiri wa binti alimpa ruhusa ya Jumanne na Jumatano, halafu akampa ruhusa ya moja kwa moja.

Kilichomkera Sista kuliko damu ni jambo jingine. Tangu ile Jumanne ya kwanza, wagonjwa wengine wote Chapuchapu aliwapimia kwa kijiti. Alitoboa taratibu, akaweka skrubu fupi, nao wakaondoka wakitembea. Mtu huyu alikuwa amejifunza. Mshona magodoro peke yake ndiye aliyeendelea kuwekewa ndefu.

Jumanne hiyo ya kumi na nne mama alichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa amekufa ganzi ila kichwa kilikuwa macho. Walimlaza kwa ubavu, pazia la kitambaa likatenganisha uso wake na kidonda. Chapuchapu alipasua, akatenganisha nyama, akaukata mfupa wa paja kwa msumeno, akapigilia kikombe kwa nyundo mpaka meza ikatikisika. Kila pigo lilipotua, kichwa cha mama kiliruka kidogo juu ya mto.

"Mimi sindano yangu ina alama ya wino," mama alisema kutoka nyuma ya pazia. "Godoro likiwa nene, likiwa jembamba, sipitishi alama. Nikipitisha nitamchoma atakayelilalia."

Drili ililia, ikanyamaza. Kabla Chapuchapu hajaomba chochote, Sista alimwekea kijiti kiganjani. Chapuchapu alikitazama, kisha, labda kwa mazoea ya wagonjwa wengine, akakiingiza kwenye tundu.

"Ishirini na tano," alisoma.

Sista alimpa skrubu ya milimita ishirini na tano. "Inatosha, Daktari."

"Najua inatosha."

Aliishika mbele ya taa muda mrefu kuliko alivyowahi kushika kitu chochote katika chumba kile.

"Nikiweka hii akapona," alisema, "wale kumi na tatu tutasema waliuawa na nini?"

"Ni mtu mmoja, Daktari."

"Ripoti ni kumi na tatu. Zote zina sahihi yangu. Chini yake iko yako."

Alirudisha skrubu fupi mezani na kunyoosha mkono. "Ndefu."

"Sista, usimpe," mama alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwomba jirani asifunge dirisha.

Sista alibaki ameshika koleo. Alifikiria zile sahihi, akafikiria kwamba amebakiza miaka mitatu astaafu, na akaona aibu kali kwa kuyafikiria hayo mama akiwa amelala wazi mbele yake. Aliona aibu, na akampa.

Skrubu ilizama, ikatokea upande wa pili, ikachana. Presha ilishuka. Mama alisema anahisi baridi, akataja jina la binti yake mara mbili, akaanza kupiga miayo. Tumbo lilipopasuliwa damu ilipiga taa na miwani ya daktari wa usingizi. Chapuchapu alifinya, alishona, alitukana. Sista alisukuma shashi ndani ngumi kwa ngumi, na kila shashi ilirudi nyekundu, nzito, inachuruzika. Chupa zote sita ziliisha. Saa tatu kasoro dakika tano daktari wa usingizi alizima mashine, mfanya usafi akaingia na ndoo.

Binti alikuwa amesimama korido. Alimtazama Sista viatu kwanza, ndipo akamtazama usoni.

"Leo alipima?" aliuliza.

"Alipima."

"Ikasoma ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Na akaweka?"

"Arobaini na tano."

Binti alitoa daftari dogo na kalamu kwenye mkoba, akafungua ukurasa mweupe na kumnyooshea.

"Niandikie hivyo hivyo, Sista. Hizo namba mbili tu, na jina lako. Mama nitamsomea kaburini, ajue ukweli umeandikwa, atanielewa. Hatarudi tena."

Sista aliutazama ule ukurasa. Ulikuwa na mistari ya bluu, hauna hata doa.

"Siwezi, mdogo wangu," alisema.

Binti alifunga daftari, akalirudisha mkobani pamoja na kalamu. Akateremka ngazi na kuzunguka hadi mlango wa nyuma, wa chumba cha maiti, ambako mlinzi alimfungulia bila kumuuliza amekuja kumchukua nani.