Wanyama Wanaotazama Sakafu

Wewe umepita pale, usinibishie. Umekaa kwenye benchi la hospitali ukingoja kuitwa, ukatazama simu, viatu vyako, dari, kila kitu isipokuwa picha ya ukutani. Wengine mnasema ni picha ya watoto, wengine mnasema ni ushirikina. Nyote mmekwepesha macho.

Picha ile aliichora shangazi yangu. Kampuni ya mbao ilipokuwa ikifyeka msitu wetu, ikatujengea hospitali ili tunyamaze, ikamwambia achore wanyama wenye furaha. Akachora bundi, kulungu na sungura. Ila kila mmoja akamtia alama kwenye paji la uso: duara lenye mkia, ileile ambayo wazee wetu waliichonga kwenye mti wa mtu aliyekufa bila kaburi. Katika dini yetu ya zamani, maiti asiyezikwa hukaa ndani ya mnyama. Ukikutana naye unamtazama machoni, unasema, "Nimekuona." Usiposema, anakufuata. Ile hisia unayoipata kwenye korido, kwamba kuna mtu nyuma yako? Ndiyo hiyo.

Wanaume watatu walikataa kuhama msituni, wakapotea. Sungura ni kaka yangu. Shangazi alimchora na sikio lililochanika, kama lake.

Mama humjia kila asubuhi. "Nimekuona, mwanangu," husema, kisha humpa habari za nyumbani.

Wauguzi humtania. "Bibi, leo sungura kasemaje?"

"Kauliza ninyi mtaolewa lini."

Juzi mkurugenzi mpya akasema picha ina mashetani, ifutwe. Mpaka rangi akaja na ndoo ya chokaa, akapiga mkono wa kwanza na wa pili. Kufika mchana macho yalikuwa yametokeza tena. Macho tu.

"Ni rangi ya mafuta, ndugu yangu," aliniambia. "Chokaa haishiki juu ya mafuta."

"Mbona kwenye manyoya imeshika?"

Akainamia ndoo yake. "Usiniulize, bwana. Nina watoto."

Miaka yote nilikuwa nikitazama alama na pembe. Sasa yalipobaki macho peke yake, nikaona: yote sita yanatazama mahali pamoja, sakafuni, mbele ya mlango wa stoo. Sakafu ile ilimwagwa wiki ileile waliyopotea. Shangazi alikuwa akiwapikia mafundi. Aliona. Wakamtisha, akafunga mdomo mpaka akafa, lakini mkono wake haukufungika.

Nikamwita mama. Akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye saruji.

"Baridi hii," akasema. "Kumbe nilikuwa naongea na ukuta, na mwanangu yuko chini ya viatu vya watu."

Polisi wametuambia turudi wiki ijayo. Mkurugenzi, aliposikia, akaagiza zege. Linamwagwa leo mchana juu ya sakafu yote, eti ukarabati. Likishakauka, nani atavunja?

Mama amekaa pale sasa hivi, mbele ya stoo, miguu ameinyoosha. Walinzi wamemwambia atoke, akawaambia wamtoe na mwanawe.

Hii karatasi iweke chini. Chukua sururu, mwite na jirani yako. Ukifika watazame wale wanyama machoni kwanza, useme neno ulilokuwa ukilikwepa. Halafu chimba.