Mkutano wa Dharura Kuhusu Mwanachama Aliye Nje

"Wanafamilia wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, sabuni ya kuogea haitatumika kufulia soksi. Atakayekaidi ataitwa mbele ya mkutano."

Tangazo hilo baba alilibandika kwenye mlango wa bafu, kwa herufi nzito, kwa kuwa alikuwa mpiga chapa na katibu wa chama cha wafanyakazi kiwandani, na hakuona sababu ya kuyaacha mambo ya chama kwenye geti la kiwanda. Nyumbani kwetu hapakuwa na amri. Palikuwa na hoja, mjadala na kura. Mama alikuwa mwenyekiti wa kudumu, cheo alichokipata kwa kukosa mpinzani. Kaka yangu tulimwita Pingamizi, na jina lilimkaa. Kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nilikuwa nimekwisha kulaani vita viwili na kupanda kwa bei ya mafuta.

Nilipokuwa mtu mzima niliwasilisha hoja ya kwenda ng'ambo, bila chuo wala ofisi iliyonisubiri, ila nafasi ya kumenya viazi katika meli ya mizigo. Baba, aliyetufundisha kwamba mipaka ni mistari iliyochorwa na wenye nacho, siku hiyo aligundua kuwa baadhi ya mistari ina manufaa. Alizungumza kirefu, akashindwa kwa kura. Alinipa mkono kama alivyompa mwajiri baada ya mgomo ulioshindwa, kisha akaenda kunitengenezea zipu ya begi.

Wengi hudhani nilizunguka dunia kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba njia yangu ilipangwa na waajiri. Melini niliwaita wapishi tujadili zamu. Nikateremshwa bandari iliyofuata. Kwenye shamba la zabibu tulipiga kura kudai maji ya kunywa, tukashinda, nikafukuzwa. Nikavuka milima nimepakiwa kwenye lori pamoja na kondoo, ambao hawakuwa na hoja. Kila nilipoonyeshwa mlango nilimpigia baba simu, naye alinipongeza, kisha akauliza kama nina koti.

Baba alipostaafu, mama alinieleza kwamba mzee anaandaa meza kwa watu wanne ingawa wamebaki watatu, na akiulizwa anasema ni mazoea. Wakati huo nilikuwa nimepata meli nyingine, ya kwenda mbali zaidi, na ilinipasa kujibu kesho yake. Nilihitaji neno moja tu kutoka kwa baba. Nikapiga simu. Baba akaitisha mkutano wa dharura, simu ikawekwa katikati ya meza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ipo hoja kwamba mwanachama aliye nje arejee."

"Hoja ya nani?" mama akauliza.

"Ya jumla."

"Mzee, sema ni wewe unayemtaka mtoto."

Nikamwomba baba auweke mkutano kando kidogo. "Baba, wewe mwenyewe unataka nirudi?"

Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Mwanangu, nikisema nataka, utarudi kwa ajili yangu. Sikukulea uendeshwe na mtu mmoja."

"Siombi kuendeshwa. Nauliza tu."

"Basi tupige kura."

Mama aliunga mkono. Pingamizi alipinga, kwa kuwa ndiye anayelala chumbani kwangu. Mimi, kama mhusika, sikuruhusiwa kupiga kura. Mama alirudia swali mara mbili, kisha akatangaza kwamba baba hakuinua mkono upande wowote na kura ni sare. Ndipo akasoma uamuzi kwa sauti ya mwenyekiti: mkutano umeazimia kwamba mwanachama aliye nje anakumbukwa sana, na kwamba suala la kurejea kwake litaendelea kufuatiliwa kwa karibu.