Kidole Kwenye Kopo la Paskalina

Yaani Jumanne asubuhi Paskalina kaamka, kanigeukia, mimi sufuria la chai likanidondoka. Uso wote, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, vipele vya maji. Vidogo, vinafanana kama vimepimwa, kila kimoja kimebonyea katikati.

"Nikoje?" akauliza.

"Uko kawaida." Muongo mimi!

Pasi, ndivyo tunavyomwita Paskalina, ninakaa naye chumba kimoja Kihesa, hapa Iringa. Wote tuko mwaka wa pili chuo, mimi wa Mbeya, yeye wa Kilolo. Ana pumu ya ngozi usoni tangu mtoto. Ikifika Julai na baridi hii ya kukata masikio, ngozi inamkauka, inapasuka, inamuwasha mpaka analala kavaa soksi mikononi asijikune. Ila ana utaratibu wake, we acha! Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na harufu, anajikausha kwa kugusagusa na khanga, sio kusugua, halafu uso ukiwa bado na unyevu anapaka mafuta mazito. Na hayo mafuta anayachota na kijiko. "Vidole vyenu vimepita wapi, nani anajua?" anasemaga. Sisi tunamcheka, tunamwita Nesi.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu rohoni. Jumapili ya wiki iliyopita homa ilinitokea mdomoni, kidonda cha aibu hapa pembeni, na mafuta yangu yalikuwa yameisha. Pasi kaenda misa. Nikafungua kopo lake, nikachovya kidole, nikapaka kwenye kidonda, nikachovya tena. Kesho yake hivyohivyo. Halafu nikavaa barakoa, nikamwambia nina mafua.

Mama Bertha mwenye nyumba akachungulia mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu. "Hiyo sio mpox kweli? Mimi nina wajukuu humu!"

Esnath wa saluni ya jirani yeye akaja na kitubu kisicho na jina. "Mpake hii, Damari. Siku mbili tu, sura ya bibi harusi."

"Ina nini ndani?" Pasi akauliza.

"Ina kupona, we Nesi! Maswali kama polisi."

Pasi akakataa. Mimi moyoni nilitamani akubali, vipele viishe, na habari ya kopo ife. Naona aibu hata kuisema.

Jumatano jicho la kushoto halifunguki. Anatetemeka homa, blanketi mbili hazisaidii. "Damari," akasema, "hili jicho naona ukungu tu."

Nikaita bajaji.

Hospitali tukaingia kwa daktari mmoja kijana, dokta Kalinga. Foleni nyuma yetu ndefu, watu wanakohoa. Akamulika uso wa Pasi harakaharaka. "Ni pumu yako ya ngozi imelipuka, na baridi hii." Akaanza kuandika krimu ya kutuliza. Kalamu ikasimama. "Hapo mnapokaa, kuna mtu ametokewa na homa mdomoni hivi karibuni?"

"Hakuna," Pasi akajibu. "Nakaa na huyu tu, na yeye ana mafua."

Nikisema, sina rafiki. Nikinyamaza, jicho. Nikashusha barakoa.

"Tangu lini hicho?" dokta akauliza.

"Siku kumi. Nilichovya kidole kwenye mafuta yake. Hajui."

Akaichana ile karatasi. "Kirusi hicho mdomoni kwako ni kidonda tu. Kwenye ngozi ya mwenzako iliyopasuka kinatembea kama moto kwenye nyasi kavu. Krimu hii peke yake ingekipa nguvu. Na kikifika kwenye kioo cha jicho..." Hakumaliza. Bora angemaliza!

Wakamlaza, wakamtundikia dawa ya mshipani. Akaja mama mmoja, daktari wa macho, akamdondoshea rangi ya njano jichoni, akazima taa, akamulika na kitochi cha mwanga wa bluu. "Angalia juu. Chini. Usipepese." Mimi nimeng'ang'ania mlango, nasali Baba Yetu, nafika katikati naanza upya. Yule mama akasogea karibu zaidi, jamani!

"Kioo kizima," akasema mwisho. "Hapa ni kope, uvimbe na machozi. Ila kesho nakagua tena, na keshokutwa. Kirusi kinaweza kuingia bado."

Kinaweza! Nikakaa chini sakafuni palepale.

Pasi jicho lake zima linaangalia dari.

"Kidole gani?"

Nikamwonyesha.

"Pumbavu kabisa wewe."

"Ndiyo."

"Siku kumi unaniangalia usoni, Damari."

Simu yake ikaita chini ya mto. Mama yake, kutoka Kilolo. Pasi akapokea, akaweka sauti ya nje, akanisukumia kifuani.

"Mwambie mwenyewe."

Nikaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Ni Damari."

"Marahaba, mwanangu. Mama Bertha kanipigia. Jicho la mtoto wangu limefanywa nini?"

"Linaona, mama," nikasema. "Mpaka sasa linaona. Ila aliyemwambukiza ni mimi."