Nani Atamwambia Mzee Hatakeda

Katika nyumba ya Hatakeda kulikuwa na neno moja la kusema na hapakuwa na wa kulisema. Mzee Kinji, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyerusha ndege za kivita miaka ishirini na saba bila kuharibu hata tairi, sasa hafai kuendesha gari. Nguzo ya lango ilijua, na ubavu wa kigari chake cheupe ulijua. Jirani aliyejitupa mtaroni na baiskeli yake wiki iliyopita alijua kuliko wote, ila adabu ilimzidi, akaja mwenyewe kuomba radhi kwa kuwa njiani.

Kituo cha polisi cha mji wao wa Komatsu, Japani, hupokea leseni za udereva za wazee wanaoacha kuendesha kila siku. Unaipeleka kwa hiari yako, unapewa cheti na punguzo la nauli, unarudi nyumbani. Chiharu, binti yake, alikuwa na fomu ya kurudishia leseni mkobani tangu miti ya micheri ichanue mwezi wa Aprili, na sasa ni Agosti. Kila akifumba macho alimwona baba yake amesimama mbele ya hakimu, na mtoto wa mtu yuko kaburini. Akampigia kaka yake simu Nagoya.

"Mwambie wewe, kaka. Wewe ndiye mwanamume."

"Ndiyo maana siwezi. Mimi nikisema ni uasi, wewe ukisema ni huruma."

"Yasunori, wewe ni mwoga."

"Sana," akakubali, tena bila haya.

Kumfunga paka kengele kukamwangukia Chiharu. Alichagua siku ya kwenda kuosha kaburi la mama, akidhani mzee atakuwa laini. Hotuba aliitunga jikoni, akaipima kwa sauti mbele ya birika.

Asubuhi hiyo mzee alilizunguka gari kwanza, akagusa kila gurudumu, akainama kutazama uvunguni, kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kupanda chochote chenye injini. Halafu wakaondoka, Chiharu na maua mapajani.

"Baba, siku hizi magari yamekuwa mengi," alianza.

"Mengi. Na wenyewe hawajui kuendesha."

Hotuba ikaishia hapo. Akajaribu tena walipopita shule, akashindwa. Mbele yao taa iliwaka nyekundu, na mama mmoja akashuka barabarani akisukuma kigari cha mtoto. Mzee hakupunguza mwendo. Aliendelea vilevile, uso umetulia, macho mbele.

"Baba, basi!"

Breki zililia. Gari likasimama hatua moja kutoka kwenye mistari myeupe ya kivuko. Yule mama akainamisha kichwa kwa heshima, akapita. Mzee akasogeza gari polepole hadi mbele ya duka la tambi, akazima, akachomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa bintiye.

Chiharu akaufumbata ufunguo. "Nisamehe, baba. Nimekupigia kelele."

"Anayesema basi haombi radhi," mzee alisema.

"Kivipi?"

"Ndiyo sheria yetu ya kikosini. Mko juu, mnafanya mazoezi ya kupigana, yeyote akisema basi, hata aliyefika jana, wote mnaacha. Mnanyoosha mbawa, mnaachana. Hakuna kuuliza kwa nini mpaka mguse ardhi. Na mkigusa ardhi, hakuna wa kumnunia."

"Hata kama amekosea?"

"Hata kama amekosea. Mimi niliambiwa basi na kijana wa chunusi, wiki yake ya pili, na mimi ndiye kiongozi. Nilikasirika, lakini niliacha. Kumbe ndege ya mwenzetu ilikuwa chini ya tumbo langu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Na usingezaliwa."

Chiharu alizijua nishani zote za baba yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizifuta vumbi. Hili hakuwahi kulisikia.

"Ile taa hukuiona?"

"Sikuiona. Na ya juzi sikuiona. Mwaka mzima nangoja mtu aseme, na kila mtu ananiinamia tu. Yule jirani nimemtia mtaroni, ananiletea tikitimaji."

"Sasa mbona hukusema mwenyewe?"

Mzee alitazama mikono yake. "Niliogopa. Gari likiondoka, nani atanileta kwa mama yako?"

"Mimi."

Hakuna zaidi lililohitajika. Mwaka mzima wa usingizi wa mang'amung'amu ulimtoka Chiharu kifuani, akacheka huku machozi yakimshuka, na baba yake akampa kitambaa na kumwambia asiloweshe maua. Wakabadilishana viti.

"Kioo," mzee alisema kabla hawajafika hata kona. "Kile kingine pia. Na mbona umeshika usukani kama unapepeta mchele?"

"Baba, nyamaza."

Akanyamaza, akaegemea kiti. Chiharu aliona mabega ya baba yake yameshuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo na mwenzake.

Makaburini walisugua jiwe, wakalimwagia maji, wakawasha ubani. Mzee akaunganisha viganja, akamsemesha mkewe kwa sauti ya kawaida, kama yuko chumba cha pili.

"Tomoe, leseni naipeleka kesho. Chiharu ndiye atakayekuwa ananileta. Anaendesha vibaya." Akafikiri kidogo. "Lakini anaona."