Mama Mashine na Meza ya Ishirini na Moja

Mama Mashine alivunjika mguu mchana kweupe, kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, akiwa hana haraka ya kwenda popote. Hilo lilimuuma kuliko mguu. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kusaga nafaka, mkanda unazunguka karibu na nguo zake, vumbi la unga limemkaa kwenye kope, na mashine haikuwahi kumgusa hata ukucha. Ndivyo alivyopata hilo jina. Kisha akaiuza mashine, akasema sasa anapumzika, na hapo ndipo akaanguka.

Mwanawe wa kwanza, ambaye ana duka la dawa na mtaa mzima humwita Mfamasia, alimchukua moja kwa moja kutoka hospitali akamweka kwenye chumba cha wageni nyumbani kwake. Chumba kizuri, hakuna ubishi. Kitanda kipana, feni, choo cha ndani, dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Na mke wa Mfamasia alikuwa mkwe wa kujivunia. Alimpikia, alimsugua miguu, alimfunika shuka. Shida ni kwamba alimfunika hata alipokuwa anatokwa jasho. Chumvi ilipunguzwa bila yeye kuulizwa. Chai ikaja haina sukari. Saa ya kulala ikapangwa, na redio ikahamishwa sebuleni ili apumzike vizuri. Wageni waliokuja kumjulia hali walimuuliza Mfamasia mama anaendeleaje, na mama mwenyewe yupo hapo hapo, ametoa macho. "Leo amekula," Mfamasia alijibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za kuku wa mayai.

Mama Mashine alijua wanampenda. Lakini kila ilipopita siku alijiona anapungua, kama vile kuna mtu anampunguza kijiko kwa kijiko.

Kilichobaki chake peke yake kilikuwa simu. Siku moja alikuwa anatazama jinsi watu wa mbali wanavyooka mikate, likajitokeza tangazo: msichana aliyevaa kizibao cheusi, nyuma ya meza ya kijani, anagawa karata. Mama Mashine akasogeza simu karibu na miwani. Karata alizijua. Enzi za uhai wa mumewe, kila Jumapili jioni walicheza watatu: yeye, mumewe, na dada wa mumewe, yaani wifi yake. Tangu mzee azikwe, karata zilikuwa zimelala kabatini.

Wifi alipokuja kumtembelea na kuonyeshwa lile tangazo, alivua viatu akapanda kitandani na kujinyoosha kando yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuondoka. Mchezo wenyewe ulikuwa umeandikwa blakjeki. Wifi alilijaribu jina mara mbili, likamkwama, akaamua kuuita ishirini na moja.

Tangazo lilikuwa la kasino ya simuni, nayo ilikuwa na meza ya mazoezi, ambayo mtu anacheza kwa pesa za kuigiza. Wakaanzia hapo. Sheria hazikuwapa taabu. Unapewa karata mbili. Mgawaji anajipa zake mbili, moja ameifunua, nyingine ameilaza kifudifudi. Karata zenye sura za watu zote ni kumi. Ree, ile karata yenye herufi A, ni moja au kumi na moja, vile itakavyokufaa. Anayekaribia ishirini na moja bila kuivuka ndiye anayeshinda; anayeivuka ameungua. Ukitaka karata nyingine unabonyeza Ongeza, ukiridhika unabonyeza Tosha. Mgawaji hana hiari: akiwa na kumi na sita lazima achukue, akifika kumi na saba lazima asimame.

Siku za mwanzo waliungua ovyo, kwa tamaa ya kuongeza. Wifi alikuwa anabonyeza kabla hajajumlisha. Baadaye Mama Mashine akaanza kumtazama mgawaji badala ya kujitazama yeye. Mgawaji akifunua sita au tano, kuna uwezekano mkubwa ataungua mwenyewe, kwa hiyo bora kusimama na kidogo ulichonacho. Akifunua kumi, inabidi ujikaze uongeze hata kama roho iko juu.

"Sasa hawa watu wanakula wapi?" Wifi akauliza. "Hawawezi kujenga yote haya kwa ajili ya kutufurahisha."

Mama Mashine alikuwa ameshajiuliza hilo. Akamweleza kwamba mchezaji ndiye anayetangulia. Akiungua, dau lake limekwenda hapo hapo, hata kama mgawaji naye angeungua baadaye. Ukicheza kwa muda mrefu, meza ndiyo inayobaki na pesa.

"Kwa hiyo wanatutanguliza shimoni," Wifi akasema.

"Ndiyo. Na bado nataka kucheza."

Wifi alimtazama, akaona hatanii.

Mama Mashine akafungua akaunti kwa jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Akaingiza pesa kidogo kutoka kwenye akiba yake mwenyewe, kiasi ambacho kingepotea asingekosa usingizi, na akajiwekea mpaka: kikiisha, basi, hakuna kuongeza mpaka mwezi mwingine. Mchana ule ule kikaisha. Alilala akiwa ameliwa, na bado moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote tangu aletwe kwenye nyumba ile. Alijishangaa. Alipolitafakari sana akaelewa. Kutwa nzima watu walimfanyia kila kitu. Ile meza ilimuuliza anataka nini, kisha ikangoja ajibu.

Mwezi uliofuata Mfamasia alirudi mapema kutoka dukani, akaingia chumbani na mfuko wa vidonge mkononi, akasikia sauti ya msichana ikisema weka dau lako. Hakugomba. Alisogea, akaichukua simu kutoka mikononi mwa mama yake taratibu, kama anavyochukuliwa mtoto kisu, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati. Akasema wataiweka kando kwanza, halafu Jumapili watakaa kama familia waongee.

Hadi Jumapili inafika, Mama Mashine hakumsemesha mtu zaidi ya salamu.

Walikaa sebuleni. Wifi aliitwa pia, akaja amevaa uso wa mtuhumiwa ambaye hajutii chochote. Mfamasia alizungumza kwa muda mrefu, na haki itendeke, alizungumza kwa uchungu. Alieleza habari za muuzaji wake wa dukani, kijana mpole aliyemwamini kama ndugu. Kijana huyo alianza na hizo hizo kamari za simu, kidogo kidogo. Akaishia kuiba dawa na kuziuza mlango wa nyuma, mkewe akarudi kwao, na yeye Mfamasia ndiye aliyelazimika kumfukuza huku wote wawili wanalia. Akasema hataki kuona mama yake anafikia huko. Mkwe akaongeza kwa upole kwamba kama ni upweke, wangeweza kumtafutia mtu wa kukaa naye mchana.

Mama Mashine aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta magongo yake, akainuka. Mkwe alikimbilia kumshika, yeye akamzuia kwa kiganja. Akasimama katikati ya sebule, mguu mmoja mweupe kwa plasta, akanyoosha mkono mbele ya mwanawe.

"Simu yangu."

"Mama, hujanisikia?"

"Nimekusikia. Habari ya yule kijana inatisha, na umefanya vizuri kuniambia. Ungeniambia siku ile, tungeongea. Hukuniambia. Ulininyang'anya." Mkono haukushuka. "Nimevunjika mguu. Sijavunjika kichwa."

"Ni kamari, Mama."

"Najua ni kamari. Na najua nitaliwa, pengine kuliko wewe unavyojua. Pesa ni zangu, nilizisagia. Ukiona nakuomba hela ya kucheza, au nakuficha, siku hiyo niite kwenye kikao. Leo nipe simu yangu."

Wifi alikuwa ametazama dari. Mkwe alimtazama mumewe. Mfamasia akajaribu njia ya katikati: atarudisha simu, ila kila jioni awe anaikagua.

"La," Mama Mashine akasema. "Nikagulie vidonge. Simu hapana."

Ikarudi mkononi mwake. Tangu siku ile hakucheza tena chumbani. Alitoka kila alasiri aliyotaka, akaketi kwenye kochi kubwa la sebuleni, mlango wazi, sauti juu, watu wanapita. Na kwa kuwa alikuwa ameshatoka chumbani, akaanza pia kujitilia sukari, kijiko kimoja, mbele ya macho ya mkwe wake.

Mara nyingi aliliwa. Mpaka wake aliulinda, na ukifika alizima simu akaomba gazeti. Kisha ikatokea alasiri moja ambayo karata zilimpenda. Alisimama na kumi na tatu mgawaji akiwa ameonyesha sita, mgawaji akaungua. Akaongeza juu ya kumi na moja, ikaja bibi wa kopa, ishirini na moja kamili. Mkwe, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, alijikuta amesahau shati mkononi. Ilipofika mahali ambapo dau dogo lilikuwa limezaa na kuzaa tena, Mama Mashine aliondoka mezani. Akabonyeza pale palipoandikwa Toa Fedha.

Hapo ndipo vita halisi vilipoanza, maana kuingiza pesa kulikuwa kumechukua dakika tu, lakini kuzitoa lilikuwa jambo jingine.

Watu wa kasino wakamwambia atume picha ya kitambulisho. Akatuma. Wakataka picha yake ameshika kitambulisho. Akajipiga, amekunja uso. Wakataka uthibitisho wa anapoishi. Akatuma bili ya umeme ya nyumba yake. Wakasema inashughulikiwa. Na muda wote huo zile pesa zilikaa pale pale kwenye simu, zinaonekana, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani: Endelea Kucheza. Cha kusubiri kilikuwa kidogo, rangi ya majivu, mtu mwenye macho mabovu hakioni.

Mfamasia alimwambia aachane nazo, hizo zimeshaliwa, ndivyo watu wale walivyo. Mama Mashine akamjibu kwamba kama ndivyo walivyo, basi na wao watajua yeye alivyo. Kila asubuhi baada ya chai alipiga simu ya huduma kwa wateja, akaweka spika, akaanza upya: jina, namba ya akaunti, shida yake. Wakimwambia anaongea na mtu mpya, alimsalimia yule mpya na kurudia yote, bila kupandisha sauti.

Siku moja wakampigia wao. Sauti ya kijana, tamu, inamwita mama yangu. Akampongeza kwa ushindi. Akamwambia amechaguliwa kuwa mteja wa heshima, na kuna zawadi nono imeandaliwa, ataongezewa juu ya alichoshinda. Sharti ni moja dogo tu, afute lile ombi la kutoa pesa, aendelee kucheza.

Mfamasia alikuwa anafunga kamba za viatu aende dukani. Akaacha.

"Mwanangu," Mama Mashine akasema, "mimi nilikuwa nasaga nafaka. Mtu akileta gunia lake, anaondoka na unga wake. Sikuwahi kumwambia aniachie unga nimpe zawadi ya pumba."

Kijana akacheka kidogo, akasema anamwelewa, lakini ofa hii mwisho wake ni leo.

"Hata mimi mwisho wangu ni leo. Ombi sifuti. Andika hapo kwamba nimekataa, na uandike jina lako, maana kesho asubuhi nitampigia mkubwa wako na nitalitaja."

Alipokata, Mfamasia hakwenda dukani. Alivuta kiti, akaomba aonyeshwe masharti ya ile kasino, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Wakayasoma pamoja, yeye anasoma kwa sauti, mama anamsimamisha na kumwambia arudie. Walikuta pameandikwa muda ambao kasino imejipa kulipa, na muda huo ulikuwa umeshapita. Kesho yake Mama Mashine aliwasomea sentensi yao wenyewe kwenye simu. Aliwasomea tena kesho kutwa. Wiki ilikuwa haijaisha pesa zikaingia.

Mfamasia alifurahi kuliko alivyotarajia. Lakini ndiye yeye, hakuweza kujizuia. Akasema sasa ameona mwenyewe, ni vizuri akaacha.

"Akaunti nimeifunga jana," mama yake akasema. "Usijipe sifa, si kwa sababu yako. Walipokuwa wananiuliza, nilicheza. Walipoanza kunipangia, nikaondoka. Na hapa pia naondoka. Plasta inatolewa Alhamisi. Nataka kulala kwangu."

Mkwe alilia, machozi ya kweli. Akauliza ni wapi alipomkosea. Mama Mashine akamshika mkono, akamwambia hajamkosea popote, amemtunza kuliko binti wa kumzaa, na ndiyo sababu anaondoka wakiwa bado wanapendana. Kuhusu chumvi hakusema kitu.

Alhamisi Mfamasia alibeba begi lake mpaka garini. Mama alitembea mwenyewe, polepole, kwa gongo moja. Njiani mwanawe akamuuliza kama atacheza tena, kwenye kasino nyingine.

"Sijui," akasema. "Ukitaka kujua, niulize. Nitakwambia ukweli."

Mfamasia akaitikia kwa kichwa. Mbele njia iligawanyika. Akapunguza mwendo, na badala ya kukata kona akamuuliza apite wapi.

"Pitia sokoni. Nataka vitunguu."

Mfamasia alitaka kumwambia akae garini, yeye atashuka anunue mara moja. Maneno yalifika kwenye ulimi akayameza. Akazunguka upande wa pili, akamfungulia mlango, akasubiri kando. Mama Mashine akashuka, akaegemea gongo mbele ya meza ya muuza vitunguu, akaanza kuchagua kimoja kimoja, anakiminya, anakinusa, anakirudisha, jua liko utosini na hakuna aliyethubutu kumharakisha.