Tatu za Mama Candida

Wajapani mia mbili na kumi walijaza dodoso letu, na karibu wote wakazungushia tatu. Moja ni "hapana kabisa", tano ni "ndiyo kabisa", tatu iko katikati. Dodoso lilitungwa Marekani kupima mtu anajijua kiasi gani, na kazi yangu huko chuoni Japani ni kuliweka sawa kwa Kijapani. Profesa wangu alishatoa hukumu: mwenye tatu nyingi hajijui. Mimi nilipolijaza nilipata tano tupu, na sifichi, nilijivunia.

Nikiwa likizo Dar, nikamtafsiria mama dodoso hilo kwa Kiswahili. Mama, jina lake Candida, ni Mchaga wa Rombo, anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, mwaka wa ishirini na sita huu. Kama kuna mtu anayejijua mjini hapa, ni yeye. Nilitaka nikamwoneshe profesa tano za mama yangu.

Alijazia juu ya majora ya vitenge, huku akijibizana na wateja, kisha akanirudishia karatasi. Tatu, tatu, tatu, kila nilipotupia jicho.

"Mama! Hapa hatupatani bei. Sema ukweli."

"Ndio ukweli huo, Eve."

Nilikasirika. Nikamsomea kwa sauti: "'Maisha ninayoishi niliyachagua mwenyewe.' Tatu? Wewe?"

Akavua miwani. "Nikiweka tano, marehemu baba yako nimweke wapi? Si ndiye aliyenileta Dar? Nikiweka moja, nitakuwa namlalamikia, na mimi sina lalamiko naye. Na Hemlata hapo jirani, aliyenifundisha kujua kitenge kitakachotoka na kitakachododa, naye nimfute? Hapo katikati ndipo tunapoenea wote."

Niliwakumbuka Wajapani wangu, wanavyotulia na penseli mkononi kabla ya kuzungushia. Tuliwaandika kuwa hawajijui, kumbe huenda walikuwa wanawapa watu wao nafasi. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, maana ripoti ile niliiandika mimi.

Ndipo nikaona swali la mwisho halina alama. "Na hili umeliruka," nikamwambia. "'Najua nitakuwa wapi miaka mitano ijayo.'"

"Sijaliruka." Akachukua kitenge kilichokwisha kukunjwa, akaanza kukikunja upya. "Mkataba wa fremu hii ya duka unaisha Desemba. Kama unarudi, nasaini, tuendelee wote. Kama hurudi, nafunga, naenda zangu Rombo. Sikutaka kukuuliza, usije ukaacha masomo kwa ajili yangu."

Swali hilohilo mimi nililijibu mwaka jana kwa sekunde mbili. Tano: nitakuwa Japani. Sikumuuliza mtu, wala mama hakunijia akilini.

Mama akavaa miwani yake, akaniwekea penseli mbele yangu.

"Hilo nijazie wewe," akasema.